Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wenye Migahawa, Ngamiani, Tanga

Ndugu wanachama, assalaam alaykum, na wengine hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua: tumezikana, tumetembelea wagonjwa, wapishi wamepimwa afya, mitaro imezibuliwa. Ada iliyotarajiwa ni shilingi 2,580,000, iliyopatikana 1,090,000. Waliolipa yote ni 12 kati ya 43. Vikao viwili kati ya vinne vimevunjika kwa kukosa akidi. Inaumiza, ndugu zangu. Mimi na katibu tumekaa hadi magharibi na viti vya kukodi, vitupu.

Sasa niseme la likizo za Ramadhani, maana limesemwa sana vibarazani na jina langu limetajwa.

Tulipitisha kwamba mwezi wa Ramadhani tuwape wafanyakazi likizo yao ya mwaka kwa malipo, badala ya kuwasimamisha bila ujira. Wazo ni langu, silikani. Waliopinga ni 9, na 6 kati yao hawakuja kikaoni. Wanasema mwenyekiti anatulazimisha kuwalipa watu waliolala. Jamani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Deni lipo, upende usipende. Unachochagua ni mwezi wa kulilipa.

Nimekuja na daftari langu. Siku ya kawaida nauza 180,000. Wafanyakazi watano kwa 8,000 ni 40,000. Katika kila mia ya mauzo, 22 ni ujira. Ramadhani mchana jiko limezimwa, nauza futari tu, 80,000, na ujira ule ule unakula nusu. Hapo ndipo wengi hukimbilia kufukuza watu. Lakini mwaka jana niliwapa wawili likizo Desemba, wateja wamejaa, nikaweka vibarua wawili wa 10,000 kwa siku 24 za kazi. Zikatoka 480,000, na mmoja akaniunguzia sufuria nzima ya pilau. Mwaka huu, likizo zikiwa za Ramadhani, hazikutoka. Na Idi pili watu wangu wote watano walikuwa jikoni, wakati waliofukuza wa kwao walikuwa wakinipigia simu niwaazime mpishi.

Mwakani, Mungu akijaalia, tutatafuta mtu wa kutufundisha mahesabu. Michango ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 ya mshahara, nayo tutaiangalia. Mfuko wa mikopo bado tuna matumaini nao.

Mhazini atakuwepo hapa hadi saa kumi kupokea ada.