Kabla hujauza kiwanja ununue mashine

Keko, Dar es Salaam

Swahiba,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Sisi wazima, kazi zipo. Umeniuliza kama uuze kiwanja ununue mashine ya CNC, ile inayokata na kuchonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta. Nakuomba usiuze kwanza.

Mashine inafanya kazi, hilo silibishi. Biti yake, yaani kisu chake cha kukatia, huzunguka hata mara 18,000 au 24,000 kwa dakika. Ubao wa MDF, ule wa nyuzinyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi, wa futi 8 kwa 4 unauweka mzima, unautoa umekuwa milango ya kabati, matundu ya bawaba tayari, vipimo sawa mlango kwa mlango. Programu inavipanga vipande kabla ya kukata, kwa hiyo mabaki ni machache. Kwa makabati ya jikoni, mwenye msumeno wa mkono hafui dafu.

Lakini wewe uko Muheza, kazi yako ni mtiki. MDF haina nyuzi zinazolalia upande mmoja, mtiki unazo, na ukiuingilia kinyume unachanika pembeni mwa ua unalolichonga. Kompyuta inafuata mchoro tu, haijui nyuzi za ubao zimelalia wapi. Halafu kuna kona. Biti ni ya mviringo, basi ile ya milimita 6 haiwezi kukuachia kona kali kwa ndani, inaacha kijiduara. Juzi nimemalizia fremu ya mlango iliyotoka kwenye mashine: kila kona niliiingia kwa patasi nyembamba, nikikata kidogo kidogo kufuata nyuzi, maana ukilazimisha unapasua kazi ya mtu.

Linaloniuma ni vijana. Sisi tulianza na msasa, tukaja kwenye randa, kisha fundi akatupa pembezoni mwa mlango tuchonge nakshi za kujirudia. Hapo ndipo mkono ulipozoea. Sasa kazi hiyohiyo ndiyo mashine inaichukua mwanzo kabisa. Kijana anajua kuchora kwenye kompyuta, na ni ujuzi mzuri, nami nawahimiza wajifunze. Ila mpe patasi uone anavyoishika. Kwangu nimeamua: hakuna anayegusa mashine kabla hajachonga fremu nzima kwa mkono.

Ulizia pia umeme. Nyingi za zile kubwa zinataka umeme wa njia tatu (three-phase), si ule wa kawaida wa nyumbani, na umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine inaweza kupoteza mahali ilipofikia. Ukikosea kuirudisha sifuri, yaani pale ilipoanzia kupima, ubao umeharibika. Na vumbi la MDF ni jembamba mno, linaingia kifuani. Usikubali mtu afanye kazi bila barakoa na kifyonza vumbi.

Njoo na mchoro wa ule mlango wa mteja wako, vipimo kwa milimita, na ubao mmoja wa mtiki uliokauka vizuri. Tutaupeleka kwa jirani anayekata kwa malipo, ujionee gharama na muda. Kiwanja kisubiri.

Fundi mwenzio