Evans hakuwa mtu wa brashi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu upigaji picha wa kisanaa wa mwishoni mwa karne ya 19 imewatia wote kapu moja. Mwandishi anasema wapiga picha wale, kwa kiu ya kuitwa wasanii, walififisha picha makusudi na kuzichezea kwa brashi mpaka zikafanana na michoro. Kwa Robert Demachy wa Ufaransa ni kweli, naye hakuficha. Lakini ushahidi mliouweka ni picha ya ngazi za kanisa kuu la Wells, Uingereza, ya Frederick H. Evans. Picha hiyo ni ya 1903, kwa hiyo hata karne imekosewa.

Evans alikuwa muuza vitabu London. Mwaka 1898 aliachana na duka, akashika makanisa makuu: Lincoln, Ely, York, Gloucester. Mwaka 1900 aliingia Linked Ring, chama cha hao hao wapiga picha wa kisanaa, ila negativu zake, yaani picha za awali zinazochapwa karatasini, hakuzigusa kwa brashi. Kazi aliimaliza kabla ya kufungua lenzi. Alikaa karibu na kanisa siku nyingi akifuatilia mwanga unavyohama, na aliomba viti viondolewe ili sakafu ionekane. Leo ukiliomba kanisa lolote hivyo, uone utakavyojibiwa!

Iangalieni tena picha ya Wells. Vidato vya mawe vimelika kwa miguu ya karne nyingi, vimebonyea katikati. Vingine vinapinda kulia, vingine vinapanda moja kwa moja hadi mlangoni, na mwanga unavifanya viumuke kama mawimbi. Mwenyewe aliiita Bahari ya Ngazi. Ukungu uko wapi hapo? Kingo za mawe zinahesabika.

Nadhani kilichomchanganya mwandishi ni ule ulaini, na huo unatokana na karatasi ya platinamu, yaani karatasi ya kuchapia picha kwa madini hayo. Madini yenyewe huingia ndani ya nyuzi za karatasi, hayakai juu kwenye utando wa jelatini kama ule wa karatasi nyingine za picha. Kwa hiyo picha haing'ai, na kati ya nyeusi na nyeupe hupatikana kijivu cha kila namna. Karatasi hiyo ilipoadimika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Evans aliweka kamera chini.

Nanyi gazetini mmeikoleza picha hiyo ya Wells mpaka vivuli vyote vimekuwa masizi. Mkiichapa tena, punguzeni wino, na maelezo yaliyo chini yake myarekebishe.

Mpiga picha,
Morogoro