Barua kwa mwanangu kabla hajapasuliwa macho

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma baada ya swala ya alfajiri. Unauliza kwa nini daktari amekataa kukurekebisha kope kwanza, na kope ndizo zinazofanya watu wakukodolee kwenye daladala. Swali hilo nililiuliza mimi miaka 18 iliyopita, kwa hasira hizo hizo.

Ugonjwa huu wa macho utokanao na tezi ya shingo (thairoidi) huwaka, kisha hupoa. Kinga ya mwili iliyoivuruga tezi yako ya shingo huvamia pia misuli na mafuta ya nyuma ya jicho. Vinavimba ndani ya tundu la mfupa lisilotanuka, jicho linakosa pa kwenda ila mbele. Moto huo huweza kuwaka mwaka, hata miwili, na ukipasuliwa ungali unawaka, kilichonyooshwa huenda kikapinda tena. Ndiyo maana wanataka macho yatulie kama miezi sita na homoni zikae sawa. Ila ukiona rangi zinafifia, kanga nyekundu imepauka kwa jicho moja, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo. Huenda mshipa wa fahamu wa kuona unabanwa, na huo hausubiri moto upoe.

Wataanza na mfupa. Hupunguza kuta za tundu, pengine na mafuta, ili jicho lirudi ndani. Kisha misuli, kama unaona vitu viwiliviwili. Kope huja mwisho kwa kuwa hatua zile mbili huzisogeza. Akizishona leo atazifumua kesho. Si wote wanaohitaji zote.

Mimi nilihitaji. Siku niliyorudi nyumbani ulinikimbilia mlangoni, uko darasa la pili, nikaona mko wawili. Nilijua nimeharibiwa macho. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba jicho likirudi ndani misuli huweza kuvuta vingine, na kwamba hilo hutibika. Nililia wiki nzima bure. Wewe nakuambia mapema.

Utapigwa nusu kaputi, hutasikia kitu. Ukiamka kope zitakuwa zimevimba na kuvilia damu, na shavu na fizi za juu huenda zikafa ganzi, pengine kwa miezi. Lala kichwa kikiwa juu. Usipenge kamasi mpaka daktari akuruhusu, na chafya ikija fungua mdomo. Usiinue ndoo, usiiname; mimi niliswali nimekaa kitini. Jicho likiuma sana huku nuru inapungua, hata iwe usiku wa manane, rudi hospitali. Ni nadra, lakini damu ikikusanyika nyuma ya jicho huweza kulipofusha.

Kioo kiache kwanza. Uvimbe huchukua wiki nyingi kushuka, na sura ya picha yako ya harusi huenda isirudi yote. Nataka ulijue hilo kabla ya kusaini, si baada.

Na ile sigara, mama, unayodhani siijui. Hakuna kitu unachokitumia kinachoumiza macho hayo kuliko hiyo. Huuchochea ugonjwa na kuifanya dawa isishike vizuri. Sikugombezi. Nakuomba uiache wiki hii, na mumeo asivutie ndani.

Nakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi. Nakuletea mito miwili ya sufi, ile migumu, maana yako ya sponji inadidimia.

Mama yako