Maisha ya Gavana Evans hayakamiliki bila Sand Creek

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niijibu makala ya wiki iliyopita kuhusu maisha ya John Evans, gavana wa pili wa Colorado. Mwandishi amemsifu kama daktari, mjenzi wa reli na mwanzilishi wa vyuo, kisha mauaji ya Sand Creek, ambako askari waliwaua wenyeji wa asili mwaka 1864, akayamaliza kwa sentensi moja: kwamba gavana hakuwapo siku ile. Ni kweli, alikuwa safarini mashariki mwa Marekani. Lakini kuishia hapo ni kumficha msomaji jambo lenyewe.

Naishi Aurora, jirani na Denver. Asubuhi nikisubiri basi, magharibi nauona mlima wenye theluji ambao hadi Septemba 2023 uliitwa kwa jina lake. Sasa unaitwa Blue Sky. Kwa hiyo huyu bwana kwangu si habari ya mbali.

Sifa zake sizikatai. Alifundisha udaktari Chicago, akawa miongoni mwa walioanzisha Chuo Kikuu cha Northwestern, na reli iliyofika Denver mwaka 1870 aliihangaikia kweli. Hayo yameelezwa vizuri. Ambacho hakikuelezwa ni kazi aliyopewa na Rais Lincoln mwaka 1862. Colorado wakati huo haikuwa jimbo. Ilikuwa eneo la mpakani chini ya Washington, na gavana wake aliteuliwa, hakupigiwa kura. Alivalishwa kofia mbili: gavana wa walowezi, na msimamizi mkuu wa masuala ya wenyeji wa asili, wakiwamo Wacheyenne na Waarapaho. Mtu aliyetakiwa kuwafungulia walowezi ardhi ndiye huyo huyo aliyetakiwa kuwalinda wenye ardhi.

Juni 1864 familia ya Hungate, baba, mama na watoto wawili, iliuawa karibu na Denver, na wenyeji wakalaumiwa. Miili yao ikaletwa mjini, watu wakaitazama, na hofu ikatanda. Hofu ile ilikuwa na sababu, siibezi. Mwisho wa mwezi huo gavana akatangaza kwamba wenyeji wanaotaka amani waende kwenye ngome zilizotajwa, mojawapo Fort Lyon, wakalindwe. Tarehe 11 Agosti akatoa tangazo la pili. Hili liliwaruhusu raia, mmoja mmoja au kwa makundi, kuwasaka na kuwaua wenyeji walio maadui, na mali watakayoikamata iwe yao. Ni kweli tangazo liliwatoa wale walioitikia wito wa kwanza. Lakini mlowezi mwenye bunduki, aliyekwisha kuahidiwa farasi, angemtambuaje rafiki na adui kwa mbali? Juu ya hayo Evans aliomba Washington imruhusu kuunda kikosi cha askari wa kujitolea wa siku 100, akakubaliwa; ndicho kilichoitwa Kikosi cha Tatu.

Ipo picha ya tarehe 28 Septemba mwaka huo, iliyopigwa Denver wakati wa mkutano wa Camp Weld. Machifu wa Wacheyenne na Waarapaho wameketi, Black Kettle wa Wacheyenne akiwa kati yao, na mbele yao maofisa wawili wa jeshi wamepiga goti: Meja Edward Wynkoop na Kapteni Silas Soule. Machifu walikuwa wamesafiri mwendo mrefu kuja kuomba amani. Gavana akawaambia suala la amani sasa liko mikononi mwa jeshi. Wynkoop alieleza baadaye kwamba Evans alikuwa akiuliza Kikosi cha Tatu atakifanyia nini kama amani itapatikana. Nimeisoma kauli hiyo mara nyingi, na kila mara naona kwamba askari walikwisha kuandikishwa, siku 100 zinahesabika, na wazee wale wamekuja kwa wakati usiomfaa.

Black Kettle alifanya alivyoelekezwa. Akaripoti Fort Lyon, akapiga kambi Sand Creek. Alfajiri ya tarehe 29 Novemba Kanali John Chivington akawavamia na askari wapatao 675, wengi wao wa Kikosi kile cha Tatu. Waliuawa watu kama 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee.

Mwaka juzi nilikwenda huko na binti yangu wa miaka kumi. Ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, na kipande cha mwisho ni barabara ya vumbi. Unasimama kilimani, chini yako ni bonde la mchanga lenye miti michache, na upepo haunyamazi. Katika mchanga ule kina mama walichimba mashimo kwa mikono ili wawafiche watoto. Binti yangu akauliza kwa nini hawakukimbia mapema. Nikamwambia walikuwa na bendera. Black Kettle aliipandisha bendera ya Marekani juu ya hema lake, na nyeupe pamoja nayo, kwa kuwa aliambiwa ndiyo kinga yake. Mtoto hakuuliza tena mpaka tukafika kwenye gari.

Soule, yule wa kwenye picha, alikataa kuwaamuru askari wake wafyatue risasi. Alitoa ushahidi, na Aprili 1865 akapigwa risasi katika mtaa wa Denver akafa. Evans alitakiwa na Rais Johnson ajiuzulu, akajiuzulu mwaka huo huo, kisha akaishi Denver kwa heshima na mali hadi mwaka 1897. Tangazo lake la Agosti halikufutwa rasmi hadi mwaka 2021, na Gavana Jared Polis.

Mwandishi wenu akiandika tena, naomba matangazo yale mawili ya 1864 yatafsiriwe kwa ukamilifu na yachapwe pamoja na picha ya Camp Weld, majina ya machifu yakiwa chini yake.

Msomaji wenu,
Aurora, Colorado