Daktari mwanagenzi apewe tarehe ya kuanza kazi na malipo yaliyotiwa sahihi

Kwa Mhariri,

Nilifundisha shule za msingi kwa miaka 32 na sasa nimestaafu hapa Voi. Ninaandika nikiwa mzazi wa daktari mwanagenzi, kwa kuwa kila mgomo wa madaktari unapozuka tunasikia kauli za mawaziri, za magavana na za viongozi wa chama cha madaktari, ilhali yanayowapata vijana hawa na jamaa zao kabla ya mgomo na baada yake hayasemwi sana.

Binti yangu alisomea udaktari kwa miaka sita. Siku aliyohitimu tulichinja mbuzi, na kuanzia kesho yake majirani wakawa wanamletea watoto wenye homa. Ilimbidi kuwarudisha. Nchini Kenya, mhitimu wa udaktari haruhusiwi kumtibu mgonjwa peke yake kabla ya kukamilisha mwaka mmoja wa uanagenzi, yaani mafunzo ya kazini, katika hospitali iliyoidhinishwa, na nafasi hiyo hagawiwi ila na serikali. Mhitimu wa ualimu ambaye hajaajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) anaweza kufundisha katika shule ya kibinafsi, naye aliyesomea uhasibu anaweza kumwekea mwenye duka hesabu zake. Lakini daktari ambaye hajatumwa hospitalini amefungiwa mlango wa taaluma yake kabisa, na anayeushika ufunguo ni mmoja tu. Binti yangu alingoja miezi minane. Alikuwa akiamka alfajiri kusoma upya daftari zake za magonjwa ya watoto kwa hofu kwamba atasahau, kisha mchana ananisaidia kupima maziwa ya wateja.

Barua ilipofika, ilifika siku ya Alhamisi ikimtaka aripoti Jumatatu, katika kaunti ambayo hatuna jamaa hata mmoja. Nilikopa katika chama chetu cha ushirika ili alipe kodi ya nyumba na amana, anunue koti jeupe na stetoskopu, na abaki na nauli. Malipo yake ya kwanza yaliingia katika mwezi wa nne. Mimi niliyedhani nimemaliza kulipa karo nilikuwa nikimtumia mtumishi wa umma pesa za chakula kutoka katika pensheni yangu.

Wengi hudhani kwamba mwanagenzi ni mwanafunzi anayemfuata daktari akitazama. Nilidhani hivyo nami, hadi nilipomtembelea. Aliingia zamu Jumamosi asubuhi akatoka Jumapili jioni. Usiku huo alipokea wagonjwa wa dharura, akatoa damu na kuipeleka mwenyewe maabara, akasaidia katika upasuaji wa wajawazito wawili, kisha akaketi na mama aliyefiwa na mtoto kumweleza kilichotokea. Daktari bingwa alikuwa akipatikana kwa simu. Ukiwaondoa wanagenzi katika hospitali kama ile, sijui ni nani atakayebaki katika wadi saa nane za usiku.

Ndiyo maana suala la malipo lina uzito. Baada ya mgomo wa siku 100, ulioanza Desemba 2016 na kwisha Machi 2017, serikali ilitia sahihi mkataba ambao chini yake daktari mwanagenzi analipwa Sh206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali hiyohiyo ikasema haina uwezo, ikapendekeza Sh70,000. Madaktari wakagoma siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8, wakarejea kazini huku suala la wanagenzi likiwa limeachwa kiporo; ikabidi chama cha madaktari, KMPDU, kitoe ilani nyingine ya mgomo mwezi Desemba ndipo serikali ikakubali tena kiwango kilekile cha mwaka 2017. Mzunguko wote huo uliturejesha tulikoanzia, na aliyelipa gharama yake ni mgonjwa aliyekuta wadi imefungwa. Sikatai kwamba hazina ya taifa ina madeni makubwa. Lakini mwenye deni huketi na anayemdai wakaelewana upya. Hajipunguzii deni peke yake na kutangaza kiasi atakacholipa.

Kuna jambo jingine ambalo halijatatuliwa hata na makubaliano ya Desemba 2024. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, mwanagenzi analipwa na serikali ya kitaifa lakini mara nyingi anafanya kazi katika hospitali ya kaunti, chini ya madaktari walioajiriwa na kaunti. Pesa zikichelewa, hospitali humwambia aulize Nairobi, na Nairobi humwambia asubiri. Madaktari wa kaunti nao wakigoma, kama ilivyokuwa Kiambu kwa miezi kadhaa mwaka 2025, mwanagenzi hukosa wa kumfunza, na mwaka wake wa mafunzo huyumba kwa mzozo ambao hakuuanzisha wala hana uwezo wa kuumaliza. Kijana wa miaka 25 hapaswi kuwa na mabwana wawili ambao kila mmoja anamwelekeza kwa mwenzake.

Husemwa kwamba wahitimu ni wengi mno na bajeti haikutarajia idadi hiyo. Mimi kama mwalimu sielewi hoja hii. Wanafunzi hawa wengi wao hupelekwa vyuoni na serikali yenyewe kupitia KUCCPS, shirika lake linalogawa nafasi za vyuo, na masomo yao huchukua miaka sita. Mwalimu mkuu aliyepokea watoto 60 darasa la kwanza hawezi kushangaa miaka sita baadaye kwamba anahitaji madawati 60.

Ninaiomba Wizara ya Afya itangaze tarehe ya kuwatuma wanagenzi mapema, kabla wanafunzi wa mwaka wa sita hawajafanya mtihani wao wa mwisho, na barua ziwafikie angalau mwezi mmoja kabla ya kuripoti. Ninawaomba wabunge wa kamati ya afya wahakikishe fedha za malipo hayo zimetengwa katika bajeti kabla ya Julai 1, na magavana waeleze ni daktari bingwa yupi anayewasimamia wanagenzi usiku katika kila hospitali yao. Wahitimu wa mwaka huu wako nyumbani sasa, na wazazi wao wangependa kuisoma tarehe hiyo katika gazeti hili.

Mzazi wa daktari mwanagenzi,
Voi, Kaunti ya Taita Taveta