Mdogo wangu, ile sigara niliyokupokonya nyuma ya bani la kukaushia tumbaku

Mdogo wangu,

Jina lako siandiki hapa, sababu unaijua.

Juzi ulipopiga simu, mama hakuuliza kazi wala pesa. Aliuliza kikohozi. Ukamjibu ni baridi ya San Francisco. Mimi nikanyamaza, nawe unajua nikinyamaza nina nini.

Tumbaku mimi na wewe hatukusimuliwa. Ndiyo iliyokulipia ada pale Urambo. Unakumbuka tulivyochuma majani asubuhi yakiwa na umande, jioni tukatapika wote wawili, mama akadhani malaria? Ilikuwa nikotini, ilipenya kwenye ngozi. Nimekuja kulielewa hilo nikiwa mtu mzima. Kwa hiyo usiniambie sigara haina neno.

Ila kinachoninyima usingizi ni arobaini ya baba. Wazee wako ndani wanakujadili kama ng'ombe mgonjwa, baba mkubwa anasema mtoto wa namna ile hana fungu nyumba hii. Nikatoka, nikakukuta nyuma ya bani na sigara yako. Nikakupokonya, nikaikanyaga, nikakwambia, "Hii itakuua." Hukujibu. Ulinitazama tu, na sauti zao zilikuwa zinatufikia pale pale tuliposimama. Alfajiri ukapanda treni.

Nilikuwa na miaka 19. Msichana wa miaka 19 angesema nini mbele ya wazee wa ukoo? Mama mwenyewe alinyamaza. Na kuhusu sigara, nilikosea? Sikukosea! Lakini ya sigara nilikuwa na ujasiri wa kuyasema, ya wale waliokuwa ndani sikuwa nao, na wewe uliliona hilo.

Uliniambia marafiki wa kwanza huko uliwapata nje ya baa, mkiombana kiberiti, maana ndani ya baa za California hairuhusiwi kuvuta tangu 1998. Naelewa kwa nini huondoki pale mlangoni. Kwenu ulifukuzwa, pale ukapokelewa. Lakini wauzaji nao walijua watawakuta wapi. Mwaka 1995 kampuni ya sigara ya R.J. Reynolds ilipanga kuwauzia sigara zake za Camel wapenzi wa jinsia moja na watu wasio na makazi wa mji huo huo unaoishi. Mpango wakauita Project SCUM. Neno hilo maana yake ni takataka. Baba mkubwa ulimkimbia, hawa unawapelekea pesa kila siku. Kwa nini, mdogo wangu?

Acha. Usiache peke yako, waombe wawili watatu wa pale mlangoni muache pamoja. Ukifikisha mwaka, hatari ya ugonjwa wa moyo inashuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Na hamu ikikushika jioni, nipigie. Jioni yenu huku ni alfajiri, nakuwa jikoni nawasha moto. Baba mkubwa siku hizi anaamkia barazani kwetu. Nitaongea nawe mbele yake, na nitakuita kwa jina lako.