Deo, usiache ghafla

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Deo ndugu yangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi hatujambo, joto tu ndilo linatutesa. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ukisikia habari hizi za pombe unabadilisha mada, na baa ndiyo kabisa hakuongeleki.

Jana msibani Tabata nilikaa pembeni yako wakati chai inagawiwa. Ulishika kikombe kwa mikono miwili na bado chai ikamwagika. Ukatoka kidogo, uliporudi mikono imetulia. Nikajua umezimua. Sikulaumu, Deo. Nimeogopa.

Mikono ikitetemeka asubuhi mpaka upate kidogo, ujue mwili umeshaizoea pombe na ikikosekana unahangaika. Ndiyo maana nakusihi, usije ukaapa leo mbele ya shemeji halafu kesho ukakata moja kwa moja. Mtu aliyefika hapo akiacha ghafla anaweza kupata degedege, akaanza kuona vitu ambavyo havipo, hata kufa, na hatari kubwa ni siku 2 au 3 za mwanzo. Daktari ana dawa za kumvusha mtu salama. Pale Muhimbili kuna idara ya afya ya akili na wanatibu mambo haya. Wanaosema ni kwa vichaa tu wanapotosha watu.

Mpaka tufike huko, punguza taratibu. Halafu hii habari ya "siku hizi nakunywa kichupa kimoja tu" tuiangalie vizuri. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe. Kichupa cha Konyagi cha mililita 250, asilimia 35, kina zaidi ya 87. Hizo ni bia tatu na nusu, na wewe unakimaliza kabla nyama haijaiva. Rudi kwenye bia, kula kwanza, weka maji mezani, na usiruhusu mhudumu aondoe chupa tupu, uone mwenyewe umefika wapi. Raundi zikatae. Akizungusha mwenzio meza nzima, wewe sema unalipa yako. Watanuna wiki moja, watazoea.

Supu ya asubuhi haiondoi pombe mwilini, wala kahawa. Ini linafanya kazi kwa mwendo wake, na hiyo bia moja tu inalichukua kama saa mbili. Na tafadhali acha kumeza Panadol ukitoka baa. Kwa mnywaji wa kila siku, mchanganyiko huo unaweza kuliumiza ini vibaya.

Presha yako uliyoniambia ilipanda, pombe inachangia. Ukipunguza, huwa inaanza kushuka ndani ya wiki chache, na usingizi unarudi. Hilo ndilo linanipa moyo, maana bado hujachelewa.

Jumanne nimeomba ruhusa kazini. Nitakupitia saa moja asubuhi twende wote kwa daktari, na gari nitaendesha mimi. Asubuhi hiyo usijikaze kukaa bila kitu ili uonekane mzima. Mwambie daktari ukweli wote, unakunywa nini, kiasi gani, na lini umekunywa mara ya mwisho. Ukitaka shemeji asijue kwanza, mimi sitamwambia, ingawa naona yeye angekusaidia kuliko sisi wote.

Nijibu hata kwa neno moja.

Wako,
Beni